Kusoma Mkataba wa Bima ya Safari: Mwongozo kwa Watumishi Wanaosafiri Nje ya Nchi

Watumishi wengi hukutana na bima ya safari kwa mara ya kwanza kwenye orodha ya viambatisho vya maombi ya viza. Hati hununuliwa asubuhi, huchapishwa mchana, hubanwa kwenye faili pamoja na barua ya mwaliko na taarifa ya benki, na haifunguliwi tena mpaka mtu alazwe hospitali ya ugenini. Hapo ndipo hugundulika kwamba maneno yaliyomo, ingawa ni ya kila siku, hayakukusudiwa kusomwa kwa maana ya kila siku. Familia, dharura, kazi, ugonjwa, mizigo: kila moja limewekewa mipaka yake katika sehemu ya ufafanuzi wa maneno, na kampuni ya bima hulipa kwa kufuata mipaka hiyo.

Kwa sababu hiyo, utaratibu sahihi wa kusoma mkataba ni kinyume cha ule uliozoeleka. Wengi huanza na ukurasa wa mafao, wenye tarakimu kubwa, na huishia hapo. Ofisa makini huanza na jedwali la bima, lenye majina, tarehe, eneo na viwango vya safari husika. Kisha hupitia ufafanuzi wa maneno, halafu mambo yasiyofidiwa. Mafao husomwa mwisho, kwa kuwa ukubwa wake halisi haujulikani mpaka hizo sehemu nyingine zieleweke.

Jedwali la bima linastahili dakika kumi za utulivu. Jina lazima lifanane na lile la pasipoti, herufi kwa herufi. Mkata bima na mwenye kinga huenda wasiwe mtu mmoja: mwajiri hukata bima na kulipa ada, mtumishi ndiye anayekingwa, na pale fidia inapotolewa ni muhimu kujua inalipwa kwa nani. Tarehe nazo zina mitego miwili. Wa kwanza ni saa za safari. Anayerudi kwa ndege ya usiku hufika nyumbani tarehe inayofuata, na bima iliyokatwa kwa tarehe za mkutano pekee humwacha bila kinga angani. Wa pili unahusu bima ya mwaka inayoruhusu safari nyingi. Mikataba hiyo huweka ukomo wa siku kwa kila safari, mara nyingi 30, 60 au 90. Mtumishi aliyeongezewa muda wa mafunzo akavuka ukomo anaweza kupoteza kinga kuanzia siku ya ziada, na kwa baadhi ya mikataba, kwa safari nzima.

Eneo la kinga nalo huandikwa kwa ufupi unaopotosha. Maneno "dunia nzima isipokuwa Marekani na Kanada" ni ya kawaida sana, kwa kuwa gharama za matibabu katika nchi hizo hupandisha ada. Mtumishi mwenye hati ya namna hiyo anayeongeza siku tatu za kumtembelea ndugu Toronto baada ya mkutano wa London, siku hizo tatu hana bima. Vilevile, bima ya safari kwa kawaida haifanyi kazi ndani ya nchi anamoishi mhusika.

Wanaokwenda Ulaya hukutana na sharti linalojulikana zaidi kuliko yote. Kanuni ya Viza ya Umoja wa Ulaya, Na. 810 ya 2009, katika ibara ya 15, inamtaka mwombaji wa viza ya Schengen awe na bima isiyopungua euro 30,000, inayokubalika katika nchi zote za eneo hilo kwa muda wote wa kukaa huko, na inayogharimia matibabu ya dharura, kulazwa kwa dharura, kurejeshwa nyumbani kwa sababu za kiafya, na kifo. Sharti hilo halisemi lolote kuhusu begi lililopotea, ndege iliyochelewa au safari iliyofutwa. Hati ya bei ya chini kabisa inayouzwa kwa ajili ya viza inaweza kutimiza sheria kikamilifu bila kuwa na mambo hayo hata kidogo. Wenye viza ya kuingia mara nyingi wana jukumu la ziada linalosahaulika: uthibitisho wa bima hudaiwa kwa safari ya kwanza, na kwa safari zinazofuata mwombaji hutia saini kwamba anajua anapaswa kuwa nayo. Hakuna ofisa wa ubalozi atakayemkumbusha.

Baada ya jedwali huja hesabu. Kikomo cha fidia ni kiasi cha juu ambacho kampuni italipa chini ya kipengele fulani. Ndani yake hujificha vikomo vidogo, na hivi ndivyo huumiza. Tuchukue mfano wa hati yenye kikomo cha dola 1,500 kwa mizigo na kikomo kidogo cha dola 300 kwa kila kifaa. Kompyuta mpakato ya dola 1,200 ikiibwa, malipo hayavuki 300, na kutoka humo hukatwa ile sehemu ya hasara ambayo mwenye kinga hujibebea mwenyewe, inayoitwa eksesi kwenye ofisi za bima. Eksesi ikiwa dola 50, kinachobaki ni 250. Aidha, mikataba mingi ya safari huondoa mali ya mwajiri katika ufafanuzi wa "mali binafsi". Kompyuta yenye namba ya ofisi inaweza isilipwe kabisa, na ni wajibu wa idara ya utawala kuhakikisha imekingwa na bima ya mali ya ofisi kabla haijavuka mpaka.

Nguzo ya mkataba wote ni nia njema kabisa, yaani wajibu wa kila upande kueleza mambo ya msingi kwa ukweli. Kanuni hii, inayofuatwa katika nchi zetu zilizorithi sheria za Kiingereza, huhusishwa na kesi ya Carter dhidi ya Boehm ya mwaka 1766, iliyohusu ngome ya Waingereza katika kisiwa cha Sumatra iliyotekwa na Wafaransa. Jaji Lord Mansfield alieleza kwamba mwenye bima hujua mambo ambayo mtoa bima hawezi kuyajua, hivyo hapaswi kuyaficha. Kinachosahaulika na wanaopenda kuinukuu kesi hiyo ni matokeo yake: aliyeshinda alikuwa mkata bima. Mtoa bima alijua, au angeweza kujua kwa urahisi, hatari iliyokuwepo. Akapokea ada yake kimya, kisha akataka kukwepa kulipa. Wajibu wa kusema kweli hauko upande mmoja.

Katika bima ya safari, kanuni hiyo hugusa zaidi hali ya kiafya iliyokuwepo kabla ya safari. Shinikizo la damu, kisukari, pumu na maradhi ya moyo ndiyo hutajwa mara nyingi. Ufafanuzi wake, hata hivyo, huenda mbali kuliko cheti cha daktari. Mikataba mingi huhesabu pia dalili zilizojitokeza kabla ya bima kukatwa, hata kama ugonjwa wenyewe haukuwa umegunduliwa. Maumivu ya kifua yaliyotibiwa kwa dawa za duka la jirani mwezi Machi yanaweza kuibuliwa kwenye dai la Mei. Mikataba mingine hukubali hali hizo kwa sharti la utulivu, yaani ugonjwa usiwe umebadilishiwa dawa wala kumlaza mhusika kwa kipindi kilichotajwa kabla ya safari. Mingine huzikubali kwa ada ya ziada. Njia iliyo salama ni kutangaza hali hiyo kwa maandishi, kupokea jibu la kampuni kwa maandishi, na kuhifadhi yote mawili. Maneno ya wakala kwamba "hiyo haina shida" hayana uzito siku ya madai kama hayakuingia kwenye hati.

Hapa kuna suala la haki ambalo ofisi nyingi hulichukulia kwa wepesi. Fomu ya maelezo ya afya mara nyingi hujazwa na katibu au ofisa utumishi kwa niaba ya msafiri, kwa kuweka alama ya "hapana" kuanzia swali la kwanza hadi la mwisho. Kosa hilo ni la pande mbili. Linamweka mtumishi katika hatari ya kunyimwa fidia kwa tamko ambalo hakulitoa, na likifanywa kwa kumuuliza mbele ya wenzake, linafichua siri zake. Taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019. Mtumishi ajaze fomu yake mwenyewe na aiwasilishe moja kwa moja kwa kampuni au wakala. Mwajiri anahitaji kujua kwamba bima ipo na inafaa kwa safari. Hana haja ya kujua nani anameza dawa gani.

Dharura, katika lugha ya mikataba hii, ni tatizo la ghafla lisilotarajiwa ambalo haliwezi kusubiri mpaka mgonjwa arudi nyumbani. Jino linalouma ghafla hutibiwa kwa kiasi cha kutuliza maumivu. Kuling'oa na kuweka la bandia hakumo. Uchunguzi wa kawaida, miwani na upasuaji unaoweza kuahirishwa havimo. Na aliyesafiri kwa lengo la kutibiwa, mathalani wale wengi wanaotoka Afrika Mashariki kwenda hospitali za India, hawakingwi na bima ya kawaida ya safari kwa ugonjwa uliowapeleka huko. Hilo halibadiliki hata viza ikiwa ya utalii. Kuficha lengo la safari ni kuvunja ile nia njema.

Kuhamishwa kwa dharura na kurejeshwa nyumbani ni vitu viwili tofauti. Kuhamishwa ni kumtoa mgonjwa mahali pasipo na huduma na kumfikisha kwenye hospitali ya karibu inayofaa, ambayo huenda isiwe ya chaguo lake wala ya nchi yake. Kurejeshwa ni kumleta nyumbani akishaweza kusafiri. Yote mawili huamuliwa na kupangwa na kituo cha huduma za dharura cha kampuni, ambacho namba yake huchapishwa kwenye hati na hupokea simu saa 24. Familia inayokodi ndege kwanza na kupiga simu baadaye hujiweka pabaya, maana mikataba huruhusu kampuni kukataa au kupunguza malipo ya huduma ambayo haikuiidhinisha. Uanachama wa huduma za ndege za wagonjwa, kama ule wa AMREF Flying Doctors wenye makao Nairobi, ni jambo jingine tena. Humsafirisha mgonjwa, haulipi bili ya hospitali anakofikishwa.

Kipengele cha kurejesha mwili wa marehemu hakuna apendaye kukisoma, na pengine ndicho chenye uzito mkubwa zaidi kwa jamii zetu. Wanaoishi ughaibuni wanajua michango inayopitishwa kila mwenzao anapofariki. Panapokuwa na bima, yapo mambo ya kuangalia: kikomo cha kipengele hicho peke yake, iwapo kinagharimia jeneza na maandalizi yanayotakiwa na mashirika ya ndege, na iwapo kinamlipia ndugu mmoja nauli ya kwenda kuusindikiza mwili. Mikataba mingine huipa kampuni hiari ya kulipia maziko mahali alipofia mtu badala ya usafiri. Familia inayotaka kuzika nyumbani inapaswa kujua hilo mapema.

Neno "familia" lina mtego wake. Bima hufidia kukatizwa kwa safari endapo ndugu wa karibu atafariki au kuugua sana, na huwataja ndugu hao kwa orodha: mwenzi, wazazi, watoto, ndugu wa kuzaliwa tumbo moja, pengine wakwe na babu na bibi. Baba mkubwa, mama mdogo, mjomba aliyemlea mtu tangu darasa la kwanza, hawamo kwenye orodha nyingi. Kwa desturi zetu, hao ni wazazi. Kwa mkataba, ni watu wengine. Mtumishi anayekatiza kozi ili kumzika mjomba wake hujilipia tiketi, isipokuwa sera ya mwajiri iwe pana kuliko bima. Maofisa utumishi wanaoandika kanuni za safari wangefanya jambo la maana kuliziba pengo hilo wao wenyewe badala ya kusubiri kampuni za bima zibadili orodha.

Mambo yasiyofidiwa huorodheshwa kwa herufi ndogo, lakini machache yanatosha kuonyesha mwelekeo. La kwanza ni aina ya kazi. "Safari ya kikazi" huwa na maana ya mikutano, mafunzo na shughuli za ofisini. Fundi anayekwenda Lubumbashi kufunga mtambo, au mhandisi atakayepanda mnara, anafanya kazi ya mikono au ya hatari, na hiyo huhitaji kipengele cha nyongeza. La pili ni mwinuko. Mikataba mingi hukinga upandaji mlima hadi mita zilizotajwa, tuseme 3,000 au 4,000, ilhali Kilimanjaro ina mita 5,895 na Kibo Hut, kituo cha mwisho kabla ya kilele kwa njia ya Marangu, kipo mita 4,720. Timu ya kampuni ya Nairobi inayopanda kwa ajili ya hisani inaweza kuvuka mpaka wa bima yake siku mbili kabla ya kuona theluji. La tatu ni pikipiki: abiria wa bodaboda asiyevaa kofia ngumu, au dereva asiye na leseni inayotambulika, hujitoa mwenyewe kwenye kinga.

La nne ni vita na machafuko. Mikataba huondoa madhara ya vita, na mingi huondoa pia maeneo ambayo serikali imewaonya raia wake wasiende. Swali la lazima ni serikali ipi. Hati iliyotolewa na kampuni ya Ulaya huweza kufuata maonyo ya nchi yake, si ya Dodoma wala Nairobi. Mashirika yanayotuma watumishi mashariki mwa Kongo yanalijua hili vizuri tangu kabla ya Goma kuingia mikononi mwa waasi wa M23 mwezi Januari 2025. Kwa maeneo ya namna hiyo hukatwa bima maalumu, na mtumishi ana haki ya kuiona hati kabla ya kupanda ndege.

Kufutwa kwa safari hulipwa kwa sababu zilizotajwa tu. Kubadili nia si mojawapo, na kunyimwa viza mara nyingi si mojawapo pia, ingawa kampuni nyingi hurudisha ada, pengine kwa makato, zikioneshwa barua ya ubalozi. Kinga ya kufutwa huanza siku hati inapotolewa, tofauti na kinga ya matibabu inayoanza safarini. Kuchelewa kukata bima hadi jioni ya kuondoka ni kulipia kipengele ambacho muda wake umekwisha. Zaidi ya hayo, tukio lililokwisha kujulikana halifidiwi. Marubani wa Kenya Airways walipogoma Novemba 2022, chama chao kilikuwa kimetoa ilani mwezi Oktoba. Aliyekata bima baada ya ilani kutangazwa hadharani asingeweza kudai kwamba mgomo ulimshtua. Matukio mengine huzua ubishi hata kwa wataalamu: jivu la volkano ya Iceland lilipofunga anga la Ulaya Aprili 2010, kampuni zilivutana na wateja kuhusu iwapo jivu ni "hali mbaya ya hewa".

Kuhusu mizigo, bima ni ya pili. Wa kwanza kuwajibika ni shirika la ndege. Chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Tanzania na Kenya ni wanachama, ukomo wa wajibu wake kwa mizigo ya abiria mmoja ni SDR 1,519 tangu Desemba 28, 2024. SDR ni kipimo cha thamani cha Shirika la Fedha la Kimataifa, na kiasi hicho ni takriban dola 2,000 za Marekani. Malalamiko ya begi lililoharibika huwasilishwa kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu kulipokea. La lililochelewa, ndani ya siku 21. Fomu ya taarifa ya mzigo, maarufu kama PIR, ijazwe kabla ya kutoka uwanjani.

Wageni wanaoingia Zanzibar wana mpangilio wao. Tangu Oktoba 1, 2024 hutakiwa kukata bima ya Shirika la Bima la Zanzibar kwa dola 44, inayodumu hadi siku 92, hata kama wana bima waliyotoka nayo kwao. Watumishi wa hoteli na waongoza watalii huulizwa kila siku iwapo mwenye bima mbili atalipwa mara mbili. Jibu la kitaalamu ni kwamba fidia hurejesha kilichopotea na haizidi hapo. Palipo na bima mbili, kampuni huchangiana, na kampuni iliyolipa hurithi haki ya kumdai aliyesababisha hasara. Kanuni hiyo humgusa pia mtumishi aliyerudishiwa gharama za hospitali na mwajiri, kisha akapeleka risiti zilezile kwa kampuni ya bima. Huo ni udanganyifu, na unaweza kumfikisha mahakamani na kumpotezea ajira. Mafao ya ajali binafsi yana hesabu tofauti, kwa kuwa hulipwa kwa kiasi maalumu kilichokubaliwa bila kujali bili.

Madai hufaulu au hushindwa kwa karatasi. Taarifa kwa kampuni hutolewa ndani ya muda uliotajwa, mara nyingi saa 24 hadi 48 kwa kulazwa. Wizi huripotiwa polisi wa mahali ulipotokea. Risiti halisi, ripoti ya daktari na vipande vya pasi za kupandia ndege huhifadhiwa. Dai likikataliwa, kampuni itakiwe kutaja kwa maandishi kifungu ilichotegemea. Kwa Tanzania, asiyeridhika anaweza kufika kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA) na kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima (TIO), ofisi iliyowekwa na Sheria ya Bima ya 2009. Kwa Kenya, kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Bima (IRA). Milango hiyo ni kwa kampuni zilizosajiliwa nchini. Bima iliyonunuliwa kwa kubofya kisanduku wakati wa kukata tiketi mtandaoni huweza kuwa ya kampuni ya ng'ambo, chini ya sheria za ng'ambo, na malalamiko yake hupelekwa huko. Kifungu cha sheria itakayotumika huwa karibu na ukurasa wa mwisho, na kinapaswa kusomwa kabla kadi ya benki haijatolewa.